Kuhesabu Watu Mahali Penye Hofu: Utafiti na Amani katika Kasongo na Kabambare

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wafanyakazi wa uwanjani, viongozi wa vikundi vya amani na wageni wa shirika)



Nimeombwa niseme juu ya utafiti na amani katika kusini mwa Maniema, yaani Kasongo na Kabambare. Wengine mtajiuliza maneno haya mawili yanakutana wapi. Mtafiti anakuja na daftari, anauliza maswali, anaondoka. Mpatanishi anakuja, anakaa, anasikiliza, anarudi tena. Lakini kwetu watu hao wawili wanapita barabara moja, wanalala kwenye nyumba ileile ya misheni, na mbele ya mwanakijiji wana sura moja: mgeni anayetaka kujua mambo yetu. Mmoja akiharibu, mwingine hapokelewi. Neno langu leo ni moja. Mahali penye hofu, kuhesabu watu kunaweza kujenga amani au kuchochea ugomvi, na tofauti inatokana na kama jibu linarudi kwa wale waliohesabiwa.

Niseme kwanza hofu hiyo inatoka wapi, maana wafadhili wetu mara nyingine huiita ujinga. Si ujinga, ni kumbukumbu. Kasongo na Kabambare zilikuwa vituo vikubwa vya Tippu Tip na watu wake, njia ya pembe za ndovu na ya watumwa. Majeshi ya Wabelgiji yaliteka Kasongo mwezi wa Aprili 1893, na Kabambare ikafuata Januari 1894. Baada ya bunduki likaja daftari. Waliandika wanaume wazima kwa ajili ya kodi, na kuanzia mwaka 1917 kilimo cha pamba kwa lazima, na Maniema ilikuwa kati ya sehemu za kwanza kukionja. Aliyeandikwa alilimishwa pamba. Aliyekimbilia msituni kabla ya kuandikwa alilima muhogo wake na mpunga wake. Kisha vikaja vita vya 1998 hadi 2003, miji ikiwa mikononi mwa RCD na misitu mikononi mwa Mai-Mai, na jina kwenye orodha lingeweza kumfanya mtu kuwa mbeba mizigo, au kijana wa miaka 14 kuwa askari. Mama anayeombwa leo ataje watoto wake wa kiume na umri wao hufikiri kwanza kabla ya kujibu. Ana haki ya kufikiri.

Lakini kutohesabiwa nako kunaua. Nchi yetu ilifanya sensa ya kitaifa mwaka 1984, na baada ya hiyo ikapita zaidi ya miongo minne bila nyingine. Muuguzi wa kituo cha afya anapopanga chanjo, idadi ya watoto anayopewa ni hesabu iliyokokotolewa kutoka idadi ya zamani, ikaongezewa asilimia kila mwaka, kana kwamba hakuna aliyekimbia, hakuna aliyerudi, hakuna kijiji kilichohamia kando ya machimbo. Kwa hiyo kituo kimoja kinaandika kwamba kimechanja zaidi ya watoto wote waliopo, na kingine kinaandika kwamba kimechanja nusu. Yote mawili yanaweza kuwa si kweli. Mwaka 2019 surua ilipopiga Kongo, wagonjwa walioshukiwa walipita 300,000 na waliokufa walipita 6,000 kufikia mwanzo wa mwaka 2020. Ulimwengu wakati ule ulikuwa unaangalia Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, ambayo iliua watu pungufu ya nusu ya hao.

Nimetaja surua kwa makusudi, kwa sababu ndiyo inayotupeleka kwenye jambo kubwa ambalo Kasongo ililipa ulimwengu.

Mwaka 1971 ulianza ule uitwao Mradi wa Kasongo, kwa ushirikiano na Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Antwerp, Ubelgiji. Waganga wa mradi, Wabelgiji na Wakongo, hawakuja kujenga hospitali mpya ya kupendeza. Walikuwa na swali: je, eneo zima la mashambani, lenye hospitali moja na barabara mbovu, linaweza kuhudumiwa na vituo vidogo vya afya vinavyotegemeana na hospitali hiyo, kila kituo kikiwajua watu wake kwa majina? Walifungua vituo, wakaweka kadi na madaftari, wakafanya kazi na kamati za wanakijiji. Na kwa kuwa madaftari yalikuwa yanatunzwa vizuri, ikawezekana kuuliza maswali ambayo mahali pengine hayakuulizika.

Swali moja lilikuwa hili. Tukimchanja mtoto dhidi ya surua, tunamwokoa kweli, au tunamwokoa na surua ili afe miezi michache baadaye kwa kuhara, kwa nimonia au kwa utapiamlo? Msilione ni swali la kikatili. Mganga anayefanya kazi mahali maskini lazima alikabili, kwa sababu fedha ni chache na jokofu la chanjo linataka mafuta. Timu ya Kasongo iliwafuata watoto wenye umri wa miezi 7 hadi 35, ikalinganisha waliochanjwa na wasiochanjwa, na ikachapisha matokeo mwaka 1981 katika jarida la Lancet la Uingereza. Watoto waliochanjwa walikufa kwa uchache kuliko wenzao. Lakini faida hiyo ilionekana kupungua kadiri umri wa mtoto ulivyosonga mbele. Timu ikaandika kwa tahadhari kwamba huenda chanjo peke yake haibadilishi vifo vya watoto kwa kiasi kinachotarajiwa.

Tahadhari ile ilisafiri bila wenyewe. Mnakumbuka enzi zile. Mwaka 1978 mkutano wa Alma-Ata ulikuwa umetangaza afya ya msingi kwa wote. Mwaka uliofuata Walsh na Warren wa Marekani wakajibu kwamba jambo lile ni ghali mno, bora kuchagua magonjwa machache na dawa chache. UNICEF ikachukua njia hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1980: kupima uzito wa watoto, maji ya chumvi na sukari kwa wanaohara, kunyonyesha, na chanjo. Walimu wa Antwerp wakapinga, na mwaka 1985 walikutanisha watu hapo Antwerp kulipinga wazi jambo hilo. Katika mabishano hayo watoto wa Kasongo walikuwa ushahidi. Upande mmoja ulisema: mnaona, chanjo bila kituo cha afya haitoshi. Wengine walichukua maneno yaleyale wakauliza kama kuchanja watoto maskini kuna maana yoyote.

Ni wazi kwangu kwamba upande wa Antwerp ulikuwa na haki kuhusu vituo vya afya. Kuhusu surua yenyewe, ukweli ulitoka mahali pengine. Peter Aaby, Mdenmark aliyefanya kazi Guinea-Bissau tangu mwisho wa miaka ya 1970, aliona mambo kinyume: waliochanjwa waliendelea kuishi, tena kwa wingi kuliko ambavyo surua peke yake ingeweza kueleza. Mwaka 1995 yeye na wenzake walikusanya tafiti kutoka Bangladesh, Benin, Burundi, Guinea-Bissau, Haiti, Senegal na Zaire, na Kasongo ikiwemo, wakakuta kwamba chanjo ilipunguza vifo kwa asilimia 30 hadi 86. Na mwaka 2019, mwaka uleule surua ilipokuwa inatumaliza, utafiti uliofanywa kwa watoto 77 wa Uholanzi ambao hawakuchanjwa ulionyesha sababu moja. Surua inapompata mtoto hufuta sehemu ya kinga aliyokwisha kuijenga dhidi ya magonjwa mengine, kati ya asilimia 11 na 73. Ni kama mwizi anayeiba kuku na kuondoka na mlango wa nyumba pia. Mtoto anapona surua, halafu kila ugonjwa unaingia bila kupiga hodi.

Kwa nini ninawachosha na hadithi ya kitabibu kwenye kikao cha amani? Kwa sababu namba ilitoka Kasongo, ikabishaniwa London, Antwerp na New York, ikasahihishwa baada ya miaka mingi, na makala zote hizo ziliandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa. Mama wa Kasongo hasomi Lancet. Mtoto wake alikuwa mstari mmoja katika jedwali ambalo watu wa mbali walilitumia kuulizana kama watoto wa aina yake wachanjwe. Sisemi mradi ule ulikuwa mbaya. Mimi nauhesabu kati ya mambo bora yaliyowahi kufanywa Maniema. Nasema ushahidi ukishaondoka kijijini hauna tena mzazi wa kuutetea, isipokuwa kijiji chenyewe kinajua kilichosemwa juu yake.

Na uzuri wa mradi ule msiusahau. Kutoka Kasongo na sehemu nyingine chache, kama Bwamanda kule Ubangi na Vanga kule Kwilu, Zaire ilipata wazo la zoni za afya, na katikati ya miaka ya 1980 nchi nzima ikagawanywa katika zoni 306. Mfumo huo ulivuka anguko la Mobutu na vita viwili. Maniema pekee ina zoni 18, na Kabambare ina tatu: Kabambare yenyewe, Lusangi na Saramabila. Serikali nyingi zimepita, majina ya nchi yamebadilika, jeshi limegeuka mara ngapi, lakini muuguzi wa zoni bado anaandika ripoti ya mwezi. Kwa kazi yetu ya amani huo ni msingi, maana ni karibu ofisi pekee ya serikali ambayo hata wenye silaha huiruhusu ifanye kazi, wakijua watoto wao pia huugua.

Kuna jambo jingine dogo la Kasongo ninalolipenda zaidi ya lile la surua, na halijulikani sana. Van Lerberghe na Pangu, pamoja na wenzao, walichukua madaftari ya kawaida ya hospitali, yale yanayoandikwa kila siku bila mtafiti yeyote, wakatazama akina mama waliofanyiwa upasuaji wa uzazi walitoka wapi. Kisha wakaweka hesabu hizo kwenye ramani ya vituo na masafa. Ikaonekana kwamba mahali palipo na kituo cha afya, mama mwenye shida ya kujifungua anafika hospitali. Mahali pasipo na kituo, mama huyo haonekani kwenye daftari. Hakuna sababu ya kuamini kwamba wanawake wa huko wana nyonga pana zaidi. Hawaonekani kwa sababu wanafia njiani au nyumbani. Kazi hiyo ilitoka mwaka 1988. Hakuna mwanamke aliyeulizwa swali la aibu, hakuna damu iliyochukuliwa, hakuna posho iliyotolewa. Walisoma tu nafasi tupu katika daftari. Ningependa kila mtafiti anayeomba ruhusa kuja kwetu aanze kwa kusoma madaftari yaliyopo.

Vita navyo vilikuja na watafiti wake. Kati ya 2000 na 2007 shirika la IRC lilifanya tafiti tano za vifo katika Kongo, watu wakienda nyumba kwa nyumba kuuliza nani amekufa, lini, na kwa nini. Ule wa 2004 ulitembelea nyumba zaidi ya 19,000. Wa mwisho ulikadiria vifo vya ziada milioni 5.4 kuanzia Agosti 1998 hadi Aprili 2007. Namba hiyo ilizunguka dunia. Wengine waliipinga, hasa watafiti wa Kanada waliosema mwaka 2010 kwamba kiwango cha vifo cha kabla ya vita kilichotumika kulinganishia kilikuwa cha chini mno. Mabishano hayo ni halali na sitayamaliza hapa. Jambo ambalo hata wapinzani hawakulikataa ni aina ya vifo. Wachache sana waliuawa kwa risasi au panga. Wengi walikufa kwa malaria, kuhara, nimonia na utapiamlo, na karibu nusu walikuwa watoto chini ya miaka mitano.

Sisi tulioona wakati ule tunalielewa hilo bila jedwali. Wenye silaha wanaingia kijijini, watu wanakimbilia msituni, wanalala kwenye umande. Kituo cha afya kinaporwa magodoro, darubini na dawa. Muuguzi anakimbia kama wengine. Baada ya miezi miwili mtoto anapata homa ambayo dawa ya bei ndogo ingeimaliza, na dawa hakuna. Hakuna atakayemshitaki mtu kwa kifo hicho. Ndiyo maana tunapokaa kuwapatanisha watu kisha tukaorodhesha waliouawa tu, tunaacha nje makaburi mengi zaidi, na familia zenye makaburi hayo hutuona kwamba hatujui tunachokisema.

Sasa nije kwenye utafiti uliogusa moja kwa moja kazi kama yetu, na ambao mashirika hayapendi sana kuusimulia. Mwaka 2007 ulianza mpango wa Tuungane, kwa fedha za serikali ya Uingereza, ukiendeshwa na IRC pamoja na CARE, na Maniema ilikuwamo. Vijiji 1,250 vya mashariki mwa Kongo vilichagua kamati, kamati zikachagua mradi, wakajenga shule, vituo vya afya, visima. Wazo lilikuwa kwamba watu wakijifunza kuchagua viongozi na kusimamia fedha wazi, mazoea hayo yatabaki, na amani itakuwa na mizizi. Fedha hazikutosha vijiji vyote, kwa hiyo vilivyopata vilichaguliwa kwa bahati nasibu mbele ya watu.

Hapa niseme kidogo, maana nilisikia wageni wakisikitika kwamba bahati nasibu ni kuchezea maskini. Kwetu sivyo ilivyo. Kijiji kilichokosa kwa bahati nasibu ya hadharani hununa siku mbili. Kijiji kilichokosa kwa sababu mtu ofisini aliandika orodha huanza kuuliza yule mtu ni wa kabila gani, na hapo mmeshaanzisha vita vingine. Kama lazima wengine wakose, afadhali wakose mchana, mbele ya macho yao.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, Humphreys, Sánchez de la Sierra na van der Windt, wakapima baadaye. Hawakutegemea kuwauliza watu kama mambo yamekuwa mazuri, kwa sababu mtu akishajengewa shule atasema vizuri. Walifanya jambo la akili: walipeleka dola 1,000 katika vijiji 560, vingine vya Tuungane na vingine visivyo vya Tuungane, bila masharti mengi, wakaangalia. Nani ataamua fedha zitumike vipi? Wangapi watashiriki? Kiasi gani kitapotea njiani? Ripoti ilitoka 2012. Vijiji vilivyopita katika mpango havikutofautiana kwa maana na vile ambavyo havikupita. Hata kanuni kwamba nusu ya kamati wawe wanawake, ambayo vijiji vingine viliwekewa na vingine havikuwekewa, haikuonekana kubadilisha jambo kubwa.

Shule zilijengwa, na watoto wanasoma ndani yake. Hilo lisidharauliwe. Lakini sisi wa kazi ya amani tulikuwa tunasema kwa miaka mingi kwamba semina, kamati na kura ya mkono zinabadilisha tabia ya watu, na utafiti mkubwa kuliko yote uliofanywa kwetu haukuiona badiliko hilo. Nawasifu walioruhusu kupimwa namna hiyo na kuchapisha. Mashirika mangapi yangekubali? Na kuna jambo moja katika matokeo yale ambalo naliona ni la heshima kwetu: vijiji ambavyo havikufundishwa chochote vilipopewa dola 1,000 vilijua kukaa na kuamua karibu sawasawa na vile vilivyofundishwa. Sultani, wazee, mama wa kanisa, imamu na vijana wa mpira walikuwa na njia zao kabla ya sisi kufika na karatasi za ukutani. Basi tuwaulize njia hizo kabla ya kufungua semina.

Nageukia Kabambare, ambako maneno yangu yana ukali zaidi, kwa sababu huko hofu ni ya leo.

Mnajua Namoya na mji wa Salamabila. Dhahabu ilichimbwa huko na Wabelgiji, mgodi ukafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, kisha kwa miaka mingi wachimbaji wa mikono wakaishi juu yake. Kampuni ya Banro ya Kanada ilianza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2016, wachimbaji wakasogezwa, na vijana wenye silaha, Raia Mutomboki na kundi la Malaika, wakasema wenyeji hawakupata kazi wala yale waliyoahidiwa. Yakatokea mashambulizi, watu wakatekwa nyara, na Septemba 2019 kampuni ikasimamisha kazi. Katika miaka ile vijiji vilihama mara kwa mara kati ya mapigano ya jeshi na wanamgambo.

Katika mazungumzo ya huko hakosekani mtu wa kuuliza juu ya maji. Mto umebadilika rangi. Samaki wana nini? Mbona mimba zinaharibika? Kila upande una jibu lake tayari: wengine wanaitaja kampuni, wengine zebaki ya wachimbaji wadogo. Kuhusu zebaki mambo yanajulikana. Mchimbaji huichanganya na mchanga uliooshwa, nayo hushikamana na dhahabu, kisha huiunguza ili ipae na dhahabu ibaki. Moshi ule huvutwa na yeye mwenyewe, na mara nyingi na mke na watoto, kwa kuwa kazi hufanywa jikoni. Inayoangukia mtoni hugeuzwa na vijidudu vya matope kuwa aina nyingine inayoingia kwa samaki, na kutoka kwa samaki kwa mama mjamzito, na huumiza ubongo wa mtoto aliye tumboni. Chombo kilichofunikwa ambacho hukamata mvuke na kuirudisha zebaki ni cha bei nafuu, na mchimbaji hukipenda akishaona kwamba zebaki yake haipotei.

Kupima kunawezekana: mkojo kwa wanaounguza, nywele kwa wanaokula samaki, maji na matope ya mto. Ila fikirini. Timu inafika Salamabila, inakata nywele za wanawake na kuzitia kwenye bahasha. Nani kati yetu atamwachia mgeni nywele zake? Kuna watu wanaozika hata kucha zao. Mwingine anasimama na chombo cha GPS kando ya mto, anaandika namba za mahali. Kwa kijana mwenye bunduki, anayeandika namba za mahali ni mpelelezi wa jeshi. Jibu likitoka likaikosesha kampuni, watasema shirika limetumwa. Likiwakosesha wachimbaji, watasema limenunuliwa. Na lisipotoka kabisa, ambalo ndilo linalotokea zaidi, kila mtu atabaki na jibu lake la zamani, mara hii akiwa na hakika kwamba ukweli ulifichwa.

Kwa hiyo nasema kazi ya mpatanishi inaanza kabla ya chupa ya kwanza kujazwa maji. Watu wa pande zote wakae pamoja wakubaliane: maji yatachotwa wapi, nani ataona yakichotwa, chupa zitakwenda maabara gani, na nani atasoma jibu, siku gani, mbele ya nani. Chupa mbili za kila mahali, moja iende na moja ibaki imefungwa kwa mtu ambaye pande zote zinamwamini. Wakikubaliana hayo tu, tayari wamefanya mkataba wao wa kwanza bila kuuita mkataba. Na wakisikia jibu siku moja, kwa sauti moja, kwa Kiswahili na kwa Kibangubangu, hakuna atakayekuwa wa kwanza kulipotosha.

Kwenu wafadhili nina ombi ambalo si zuri kusikia kabla ya chakula. Katika bajeti za utafiti ninazoziona kuna gari, mafuta, posho, kompyuta, mtaalamu wa takwimu, na mkutano wa kuwasilisha matokeo katika hoteli ya mji mkuu. Safari ya kurudi kijijini haimo. Iwekeni kama mstari wake, na fedha ya mwisho isitolewe mpaka muuguzi wa zoni na mkubwa wa kijiji wameweka sahihi kwamba walirudishiwa. Si lazima kiwe kitabu. Ukurasa mmoja unatosha: tuliuliza nini, mlitujibu nini, tunafikiri maana yake nini, na nini hatutaweza kuwafanyia. Sehemu ya mwisho msiifute. Watu wa Kasongo wamezoea kuambiwa hapana. Kinachowachosha ni kutoambiwa kitu.

Na kwenu wenzangu wa uwanjani: msikubali kuongoza timu ya watafiti kwenye kijiji ambacho timu iliyotangulia haijarudi, hata wakiwapa posho nzuri. Waambieni waanze kwa kuitafuta ripoti ya wale wa kwanza, waisome kijijini, ndipo wafungue maswali yao. Itawachelewesha wiki moja au mbili. Kwenye ofisi ya zoni wekeni sanduku la chuma lisiloingiwa na mchwa, na kila utafiti uache nakala humo. Madaftari ya shule pia yatazamwe, kwa sababu darasa likipungua watoto 15 kwa mwezi mmoja, mwalimu anajua kama ni surua, ni njaa, au ni kaka zao wamewaita msituni, na anajua kabla ya ofisi yoyote ya Kindu.

Nimeambiwa tuna nusu saa ya maswali. Namwona mama kutoka Kabambare ameinua mkono tangu nilipotaja samaki, basi tuanze na yeye.